Paa Lisilo na Ukingo

Marehemu alikuwa fundi cherehani, na hakufa kwa ugonjwa. Alianguka kutoka juu ya paa la nyumba aliyopanga, Jumamosi mchana, akianua nguo. Upepo ulivimbisha shuka aliyokuwa ameishika, akarudi nyuma kidogo ajiweke sawa, na huko nyuma hapakuwa na kitu.

Nyumba ile ilikuwa ya ghorofa tatu. Juu kabisa mwenye nyumba alikuwa ameacha zege tupu, nondo zimechomoza pembeni kama mabua baada ya mavuno, kwa sababu wakati wowote angeanza kujenga ghorofa ya nne. Wakati huo ulikuwa haufiki, miaka inapita. Wapangaji walimwita Mzee Ghorofa, si mbele yake. Uani alikuwa amekataza kuanika nguo, maana ndipo alipoegesha magari yake, naye hakutaka yadondokewe na maji. Basi kamba zote zilifungwa juu, kutoka nondo hii hadi nondo ile, ukingoni kabisa. Kila mwenye beseni lake la nguo alipanda ngazi, akasimama mahali ambapo hata mwashi mzoefu angesimama kwa tahadhari.

Siku ya mazishi Mzee Ghorofa alikaa mstari wa mbele. Alikuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa jipya. Jeneza alilitoa yeye, viti na mahema vilikuwa vyake. Alilia pia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Hilo dada wa marehemu hakulikana hata baadaye, hasira zilipompanda kuliko wakati wowote.

Dada huyo, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alikuwa mwalimu wa somo la dini katika shule ya sekondari. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lingine. Mwalimu alikuwa amempakata mtoto wa marehemu, binti wa miaka minane, wakati mchungaji alipofungua kinywa pale kaburini.

"Tusiulize kwa nini," alisema mchungaji kwa sauti laini. "Mungu hakosei hesabu. Ametazama chini, akamwona fundi wetu, akasema, huyu namtaka kwangu. Ni nani atakayemshika mkono?"

Watu wakaitikia amina. Mwalimu hakuitikia. Alikuwa na uchungu tu, uchungu wa mtu aliyemlea mdogo wake na sasa anamfukia.

Baada ya matanga alimchukua yule binti akae naye kwa muda, maana baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, alishinda karakana na kurudi amechoka, hana la kusema. Jioni moja Mwalimu alipakua chakula, akakaa, akamwambia mtoto aombe. Mtoto akatikisa kichwa.

"Basi tuombe pamoja," alisema Mwalimu.

"Mama mkubwa, mimi sitaki kumwita."

"Kumwita nani?"

"Mungu." Mtoto alisema kwa kunong'ona, akitazama dirishani. "Akisikia sauti yangu atajua niko wapi. Mama alikuwa anamwimbia kila siku akiwa kwenye mashine. Ndiyo maana alimwona."

Mwalimu akaweka kijiko chini. Mtoto alikuwa ameyasikiliza mahubiri vizuri kuliko watu wazima wote, akayaamini jinsi yalivyo: Mungu alitazama, akamwona mama, akamvuta. Hakukuwa na kosa hata moja katika kufikiri kwake. Kosa lilikuwa kwa aliyemwambia.

Hapo ndipo uchungu wa Mwalimu ulipogeuka kuwa hasira.

Kesho yake alimfuata shemeji yake karakana. Alimkuta amevua miwani ya kazi, amekaa juu ya rundo la mabomba, geti la mtu limelazwa mbele yake halijaguswa.

"Shemeji," alisema, "naomba uniambie ukweli. Hakuna aliyewahi kumweleza mzee yule kuhusu paa lake?"

Shemeji alicheka kicheko kikavu. "Tulimweleza. Mimi, na muuguzi anayekaa chini, na Baba Mapacha. Mmoja wa wale mapacha aliponea chupuchupu pale juu, alidakwa kaptula. Tukaenda wote watatu nyumbani kwa mzee. Nilimwambia, wewe nipe vyuma tu, nitakuchomelea kizuizi bure, Jumapili baada ya ibada."

"Akasemaje?"

"Akasema ghorofa ya nne inakuja, nitakuwa nimechomelea kitu cha kubomoa. Alitupokea vizuri, siwezi kusema uongo. Tulikunywa chai."

"Na sasa?"

"Sasa nilimuuliza msibani. Akanishika bega, akaniambia, kijana, usitafute wa kumlaumu, hii ni kazi ya Mungu. Polisi walipokuja alisema hajawahi kusikia malalamiko. Wakawauliza wenzangu. Muuguzi akasema hakumbuki. Baba Mapacha akasema hakuwepo." Alishika nyundo, akaiweka tena. "Siwalaumu sana. Leo ukifukuzwa nyumba unapeleka wapi watoto? Wameandika ajali, wamefunga."

Mwalimu hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kanisani.

Ofisi ya mchungaji ilikuwa nyuma ya madhabahu, chumba chembamba kilichojaa mifuko ya saruji ya kanisa jipya, imepangwa hadi dirishani. Ukutani palikuwa na mchoro wa jengo lijalo, lenye mnara. Mchungaji alisimama haraka alipomwona. Alikuwa amefundishwa na huyu mama sekondari, na mpaka leo akiwa mbele yake alijikuta anaficha mikono nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja na swali la darasani. Kaa."

Akakaa.

"Katika Maandiko, yule mfalme aliyelitamani shamba la mizabibu la jirani yake, jirani akauawa kwa ushahidi wa uongo. Nabii alitumwa wapi?"

Mchungaji alijaribu kutabasamu. "Alitumwa shambani, Mwalimu. Kwa mfalme, alipokwenda kulimiliki."

"Hakutumwa msibani? Hakwenda kumwambia mjane kwamba Mungu alimhitaji mumewe?"

"Hapana."

"Kumbe unakumbuka. Nilikupa alama nzuri kwenye swali hilo."

Tabasamu likamfutika mchungaji. "Mwalimu, najua unaumia. Lakini mambo ya Mungu yana siri. Hata Ayubu hakuelezwa."

"Usiniletee Ayubu, mwanangu. Unawakumbuka rafiki zake? Walikaa wakamtetea Mungu kwa maneno mazuri, kila kitu wakakipa sababu. Mwisho wa habari Mungu aliwakasirikia akina nani? Ayubu aliyepiga kelele, au wao waliomsemea yasiyo kweli?"

Nje vijana wa kwaya walikuwa wanafanya mazoezi, wanarudia mstari uleule kwa sababu sauti ya tatu ilikuwa inapotea njia.

"Ulisimama juu ya kaburi la mdogo wangu ukatoa hukumu," Mwalimu aliendelea. "Ulitafuta mwenye kosa, ukamtaja. Ukasema ni Mungu. Umemsingizia, mchungaji. Nina mtoto kule nyumbani anajificha Mungu asimwone, kama anavyojificha mtu anayetafutwa na muuaji. Hilo umelifanya wewe."

"Mwalimu..."

"Na kuna sheria ya paa."

Aliposema hivyo uso wa mchungaji ulibadilika, na Mwalimu akaona kwamba anaijua. Ni sheria fupi miongoni mwa zile walizopewa Wana wa Israeli kabla hawajavuka kuingia nchi yao. Anayejenga nyumba azungushe ukingo juu ya paa lake, kusudi mtu akianguka, nyumba ile isije ikabeba hatia ya damu yake.

"Siku ile ulikuwa unaikumbuka?" aliuliza Mwalimu.

Mchungaji alitazama mifuko ya saruji. "Ilinijia tukiwa njiani kwenda makaburini."

"Ukaimeza."

"Nikaimeza."

"Kwa ajili ya hii?" Mwalimu aligusa mfuko uliokuwa karibu. Vumbi la kijivu likamshika kidoleni.

Mchungaji alisema, kama anayeomba, "Jumapili kuna nafasi ya familia kutoa shukrani. Itakuwa zamu yenu. Njoo utoe shukrani, Mwalimu. Shukrani tu. Tutaongea na mzee taratibu, ndani kwa ndani."

"Nitakuja," alisema Mwalimu.

Jumapili kanisa lilijaa. Mzee Ghorofa alikuwa mahali pake mbele, suti ya rangi ya majivu, miguu ameikunja vizuri. Mkewe alikaa upande wa akina mama, mwanamke mrefu, mtulivu, ambaye watu wengi walikuwa hawajawahi kusikia sauti yake isipokuwa katika kuimba. Mwalimu alipoitwa alipanda madhabahuni bila karatasi.

Aliwashukuru waliochimba kaburi, waliopika, waliokesha. Alimshukuru hata Mzee Ghorofa kwa jeneza. Mchungaji akaanza kupumua.

"Sasa nina deni kwa Mungu," alisema Mwalimu, "kwa sababu tulimsema vibaya hapa na hakuna aliyemtetea. Tuliambiwa alimchukua mdogo wangu. Mungu ninayemfundisha mimi hawasukumi watu kutoka juu ya paa. Mungu ninayemfundisha alikaa akafikiria paa. Aliyeumba mbingu hakuona aibu kutoa amri juu ya ukuta wa kufika kiunoni, ili mwanamke aanike nguo zake ashuke salama. Akasema wazi kwamba usipouweka, damu ni yako."

Kikohozi kikasikika nyuma.

"Alitoa na sheria ya ng'ombe. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng'ombe hana hatia ya kifo. Lakini kama alikwishaonywa kwamba ng'ombe huyu ni mkali, naye hakumfunga, basi hapo habari inabadilika. Hapo ataulizwa na yeye mwenyewe, si ng'ombe tu." Akageuka. "Mzee wangu, sikuulizi kwa ubaya. Nakuuliza mbele ya watu kwa sababu mbele ya watu ndipo tuliposema ni Mungu. Ulionywa, hukuonywa?"

Minong'ono ikapanda. Mzee mmoja wa kanisa akasimama akasema kwamba hapa si mahakamani. Mchungaji alikuwa ameshika kingo za mimbari, na watu wote walimtazama yeye amalize jambo hili. Angeweza kuashiria kwaya iimbe. Badala yake akasema kwa sauti ndogo, "Muacheni mzee ajibu."

Mzee Ghorofa akasimama taratibu, akafunga kifungo cha koti.

"Mimi nimewazika wengi katika kanisa hili," alisema. "Sikutegemea kuvunjiwa heshima namna hii. Lakini kwa kuwa nimeulizwa, nasema mbele za Mungu aliye hai: hakuna mpangaji aliyewahi kuja kwangu kuniambia habari ya paa. Hakuna."

Muuguzi aliinamisha kichwa. Baba Mapacha alijishughulisha na viatu vya mtoto. Shemeji mtu akasimama ghafla kule nyuma, benchi likalia, lakini kabla hajasema neno sauti nyingine ilisikika, upande wa akina mama.

"Walikuja."

Mke wa Mzee Ghorofa alikuwa amesimama. Mikono yote miwili ilishika mkoba wake kifuani.

"Walikuja watatu. Chai niliwapikia mimi. Huyu fundi alisema atachomelea bure." Alimtazama mumewe, si kwa chuki, bali kama mtu aliyechoka kubeba kitu kizito na sasa anakitua, na kitavunjika au hakitavunjika hajali. "Walipoondoka nilikuambia, baba, waruhusu. Ukaniambia mambo ya ujenzi siyajui. Nimekaa nayo haya. Lakini ukiapa kwa Mungu siwezi kukunyamazia."

"Kaa chini," alisema mumewe.

Hakukaa. Alichukua mtandio wake, akapita katikati ya mabenchi, akatoka nje. Muuguzi akaondoka akamfuata. Halafu Baba Mapacha, mtoto mmoja kila mkono.

Wiki ile mtaa mzima haukuwa na habari nyingine. Wapo waliosema Mwalimu amefanya kazi ya manabii. Wengi zaidi walisema amekosa adabu, kumdhalilisha mtu mzima ndani ya nyumba ya ibada, tena aliyegharimia mazishi ya ndugu yake. Wajumbe wawili wa kamati walimfuata shuleni wakamtaka aombe radhi. Aliwauliza aombe radhi kwa sentensi gani kati ya zile alizosema, waitaje. Wakaangaliana, wakaaga.

Muuguzi, Baba Mapacha na mke wa Mzee Ghorofa walikwenda kituo cha polisi wakaandikisha maelezo. Faili likafunguliwa upya.

Na ukuta ukajengwa. Jumatatu asubuhi waashi walipanda na matofali, Jumanne jioni walishuka wamemaliza, umepigwa lipu, unafika kiunoni pande zote nne. Mzee Ghorofa aliwaambia watu kwamba mpango huo alikuwa nao tangu zamani. Shemeji aliyaleta maneno hayo kwa Mwalimu akidhani atafurahi kwamba angalau wengine wamepona.

Mwalimu aliingia chumbani akafunga mlango. Kazi ya siku mbili. Maisha yote ya mdogo wake, sauti yake, mikono yake iliyojua kitambaa kwa kukigusa tu, vilikuwa vimepimwa na kazi ya siku mbili na kuonekana vyepesi. Hakulia. Alikuwa na hasira kiasi kwamba alikunja nguo zote za kabatini, akazikunjua, akazikunja tena.

Mchungaji alikuja Alhamisi, bila kola yake, amebeba mkate. Alikuwa amezuia ujenzi wa kanisa na kumwomba Mzee Ghorofa akae pembeni mpaka kesi iishe. Kamati ilikuwa imemwandama, na haikujulikana kama angebaki pale hadi mwisho wa mwaka. Mwalimu hakumpongeza. Alimwonyesha mtoto, aliyekuwa sakafuni akichora.

Mchungaji akachuchumaa. "Mimi nilisema uongo siku ile," alimwambia. "Nilisema Mungu alimchukua mama yako. Sikusema kweli. Nilimwogopa mtu, nikamsingizia Mungu."

Mtoto akamtazama. "Kwa hiyo nani alimsukuma?"

"Hakuna aliyemsukuma. Kuna mtu alitakiwa kuweka ukuta, akaambiwa, hakuweka."

"Mungu anamjua huyo mtu?"

"Anamjua."

"Anajua anapokaa?"

"Anajua."

"Na wewe, alijua ulisema uongo?"

"Alijua tangu nilipoanza kusema."

Mtoto akafikiri, akachukua kalamu nyingine, akaendelea kuchora. Hakusema amesamehe, na Mwalimu hakumlazimisha. Wala kuomba hakuanza siku hiyo. Lakini usiku hakulala tena amejifunika shuka mpaka kichwani.

Kesi ilitajwa kwa mara ya kwanza mwezi uliofuata. Ukumbi wa mahakama ulikuwa haujafunguliwa, watu wamejipanga kwenye mabenchi ya korido, wengine wamelala na kofia usoni. Mzee Ghorofa alikuwa mwisho wa korido na wakili wake. Alikuwa amepungua mwili. Alipomwona Mwalimu anafika aligeukia ukutani, na Mwalimu akatambua kwamba yeye mwenyewe alikuwa anangoja kitu kutoka kwa mzee ambacho hakimu hawezi kumpa: neno moja tu, lile ambalo hata wafalme wa kale walilisema walipokabiliwa na nabii, kwamba nimekosa. Faini, kifungo, vyovyote mahakama itakavyoona. Neno lile hakuna atakayelitoa isipokuwa mzee mwenyewe.

Mkewe alikuwa amekaa peke yake upande wa pili. Tangu Jumapili ile alikuwa anakaa kwa dada yake. Mwalimu alisita, kisha akaenda akakaa karibu naye. Walikaa mikoba mapajani, kama watu wanaosubiri daktari.

"Unanichukia?" aliuliza yule mwanamke bila kugeuka.

Mwalimu alitaka kusema hapana. Lakini alikuwa amekuja pale kwa ajili ya ukweli.

"Kidogo," alisema. "Ulijua mapema."

"Nilijua."

"Ungesema mapema."

"Ningesema mapema." Macho yake yalijaa, hakuyafuta. "Na hilo nitalisema humo ndani. Wakiniuliza wasiponiuliza."

Karani akafungua mlango, akaanza kuita. Mwalimu akasimama, akampa mwanamke mkono, akamwinua, wakaingia.